Jinsi ya Kushindwa na Sangari kwa Heshima

Mwongozo huu ni wa mtu aliyejenga Kemondo, mwambao wa Ziwa Victoria, bila kukaa Kemondo. Aliyebaki nyumbani hauhitaji. Ana jembe, ana muda, na hajawahi kuziita nyasi bustani. Wewe ulisoma, ukapata kazi Dar es Salaam au Mwanza au ng'ambo kabisa, ukasimamisha nyumba ya bati la rangi kwenye kipande alichokugawia mzee, ukazungushia ukuta, na mbele ya baraza ukaacha uwanja kwa ajili ya kile ulichokiona kwenye simu: nyasi fupi za kijani zilizokatwa sawasawa, na kiti cheupe juu yake. Hela ya nyasi ukatuma. Desemba umekuja kula Krismasi, geti limefunguliwa, na uwanjani kumelala kitu kingine. Majani yake ni membamba, kijani chake kimechujuka. Kimepita chini ya ukuta, kimeingia kibanjani, kimekaa miguuni pa mibuni, na mikono yake mingine imeshika njia ya kwenda makaburini kwa wazee. Umemuuliza kijana anayelinda nyumba hiki ni nini, naye amejibu huku anaangalia pembeni: lumbugu.

Kwingine nchini huitwa sangari. Wataalamu wa mimea huiita Digitaria abyssinica, na jina hilo ndilo utakalolitumia mezani siku ya Krismasi, maana unajua tunavyothamini mtu aonekane kasoma.

Sasa umebaki na shauri moja la kuamua: uing'oe na kupanda nyingine, au uiache? Fuata maelekezo yafuatayo kwa makini. Yamethibitishwa na wote walioshindwa kabla yako.

Anza na kikao

Usiguse jembe kabla ya kikao. Kwetu jambo ambalo halijajadiliwa kwa Kihaya, Kiswahili na Kiingereza bado halijawa jambo, na nyasi zako zitakuwa zimeshajadiliwa kabla hujafungua begi. Mwalimu mstaafu wa jirani atakuambia kwamba enzi za wazazi wake lumbugu haikuwepo, ilikuja na barabara. Mwingine atasema ililetwa na samadi ya kununua. Binamu aliyesomea kilimo atakuwa na mada nzima, na ataomba ubao. Wasikilize wote bila kukatisha. Hawa ni watu ambao mwaka 1937 wazee wao waliinukia serikali ya Waingereza kwa sababu ilikuja na kanuni za kuwafundisha kutunza kahawa yao wenyewe. Hawatanyamaza kwa ajili ya uwanja wako.

Mtu wa kumwogopa kikaoni ni shangazi. Yeye hatatoa mada. Atauliza tu.

"Mwanangu, nasikia unang'oa nyasi."

"Ndiyo, shangazi. Zimevamia."

"Vizuri sana. Unapanda nini?"

"Nyasi, shangazi."

Ataomba urudie. Ukisharudia atauliza hizo nyingine zinaliwa na nani, nawe utaeleza kwamba haziliwi, ni za kutazama. Atatikisa kichwa taratibu, atamaliza chai yake, ataaga. Kabla ya giza kuingia, habari zako zitakuwa zimefika bandarini, na abiria wa meli watazipeleka Mwanza.

Kagua ardhi uliyoisimamia

Swali la shangazi lina mizizi mirefu kuliko ya sangari, kwa hiyo usilipite haraka.

Nchi ya Wahaya imegawanyika sehemu mbili ambazo hata mtoto anazijua. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, lenye mibuni katikati, maharage chini, na mti wa kivuli hapa na pale. Halafu kuna rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi. Mgeni hudhani Mungu aliumba kibanja chenye rutuba na rweya isiyo na rutuba, watu wakachagua kukaa penye rutuba. Mambo yalikwenda kinyume. Mwambao huu wa ziwa hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka (Dodoma haipati hata theluthi yake), na mvua ya namna hiyo huosha chumvichumvi zote za udongo na kuzipeleka chini au ziwani. Udongo wa asili wa huku ni wa rweya: mwepesi na umechoka. Kibanja kilitengenezwa na watu. Ng'ombe walikula rweya mchana wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikabaki nyumbani. Majivu na maganda ya jikoni yakabaki nyumbani. Na nyasi zikakatwa rweya, zikafungwa mizigo, zikabebwa kichwani, mara nyingi na akina mama, zikatandazwa chini ya migomba zioze. Msimu baada ya msimu, kizazi baada ya kizazi, rutuba ya rweya ilihamishwa kwa miguu mpaka mlangoni pa nyumba.

Ndiyo maana nyasi kwetu ilikuwa na heshima yake, na heshima hiyo ilianza ikishakatwa. Ilikuwa paa la msonge, likishuka mpaka kugusa ardhi. Ilitandikwa sakafuni, mgeni akakaa juu yake, mzazi akajifungulia juu yake. Ilikuwa chakula cha mgomba. Nyasi iliyoota yenyewe karibu na mlango haikuitwa bustani. Ilikuwa taarifa kwa wapita njia kwamba mwenye nyumba amekufa, au amehamia mjini.

Wewe umehamia mjini, kwa hiyo taarifa ni sahihi.

Sasa tazama ulichokifanya, maana kina upekee wake. Umechukua kipande cha kibanja, udongo ambao bibi zako waliujenga kwa shingo zao, ukang'oa migomba iliyokuwepo, ukasawazisha, ukaurudisha kuwa rweya. Halafu ukalipia. Wakoloni wenyewe hawakufika huko.

Mjue mvamizi ni nani

Kabla ya kutangaza vita, ni vizuri kujua nani yuko kwao. Neno la siku hizi ni mimea vamizi, na ni neno zuri, lina wadhifa kwenye semina. Lakini sangari haikuvamia Kemondo kutoka popote. Ni mzaliwa wa Afrika Mashariki. Ilikuwepo kabla ya ukuta wako, kabla ya mibuni kupangwa mistari, na kwa kadiri ninavyomjua huyu ndugu itakuwepo mazishi ya wote waliokuwa kikaoni. Ina ukorofi, hilo hakuna anayebisha. Wakulima wa kahawa toka hapa mpaka Kenya wanaichukia kwa haki, kwa sababu mashina yake hutambaa chini ya ardhi na kusuka wavu unaoshindana na mibuni kwa maji na chakula. Lakini ni mkorofi wa kwetu.

Hizo unazotaka kuziweka badala yake ndizo za kuulizwa kitambulisho. Paspalamu inayouzwa kwenye vitalu, ile nene ya kung'aa, asili yake ni Amerika. Zile za majani mapana zinazofunika ardhi chini ya miti nazo asili yake ni tropiki za huko huko. Zoisia imetoka Asia ya Mashariki. Kwa maneno mengine unamfukuza mwenyeji kwa kosa la uvamizi ili umpe nafasi mgeni aliyekuja kwenye mfuko wa nailoni.

Mambo haya yana mzaha wake hata nje. Nyasi za kikuyu, zilizopewa jina la majirani zetu wa Kenya kwa kuwa nyanda za juu za Afrika Mashariki ndiko kwao, zilipelekwa California mnamo mwaka 1918 kuzuia mmomonyoko kwenye kingo za mifereji. Hazikukaa kwenye kingo. Zilipanda, zikaingia mabustanini na kwenye viwanja vya gofu, na leo wachezaji mashuhuri duniani wanahangaika kuokoa mipira yao humo katika uwanja wa Riviera, Los Angeles, ambao umeamua kuzikubali na hata kujivunia. Serikali ya Marekani imeziandika kwenye orodha yake ya magugu hatari ya taifa. Sangari yako pia imo kwenye orodha hiyo. Ukijaribu kuingia nayo huko, utanyang'anywa uwanja wa ndege. Jifariji kwa hilo: uwanjani kwako una kitu ambacho taifa tajiri kuliko yote linakiogopa.

Na kama bado unaamini kwamba mmea mzuri wa kununua hauna madhara, teremka mpaka ghubani uangalie maji. Gugumaji asili yake ni Amerika ya Kusini, katika bonde la Amazon, na lilizungushwa duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau. Watu walilipenda kwenye madimbwi ya bustani. Mto Kagera ukawa njia yake ya kuingilia ziwani, na kufikia mwaka 1990 lilikwisha kuonekana Ziwa Victoria. Kabla ya miaka kumi kwisha lilikuwa limeziba mialo, limefunga mitumbwi, na meli zinasukumana nalo gatini. Serikali zilileta wadudu maalumu wa kulila, wakasaidia sana, lakini mto bado unalileta. Lilianza likiwa pambo.

Njia za kuiongeza

Sasa tuje kwenye vitendo. Kama nia yako ni kuhakikisha sangari inaongezeka, na wengi tumeona watu wakifanya hivyo kwa bidii, njia zifuatazo hazijawahi kushindwa.

Ya kwanza na bora kuliko zote ni jembe la kawaida na vijana wanne wa kibarua. Wape kazi kwa siku moja, wape na hela ya soda. Watakata kwa nguvu, udongo utaruka, na jioni uwanja utakuwa mweusi na safi kiasi cha kupigwa picha. Kilichotokea chini ni hiki: kila shina la sangari lina vifundo, na kila kifundo kinaweza kuchipua mmea mzima. Shina moja refu lililokatwa vipande kumi limekuwa miche kumi, imepandwa kwa nafasi nzuri, kwenye udongo uliolainishwa. Hakuna afisa ugani ambaye angekupangia kitalu bora zaidi. Mvua ya Kemondo itafanya lililobaki. Picha utaituma kwenye kundi la familia, na itakapofika zamu ya mtu wa mwisho kusema hongera, uwanja utakuwa kijani tena.

Ukitaka kuharakisha, hakikisha kazi hiyo inafanyika Desemba. Desemba ndiyo likizo yako, na Desemba huku ni mvua. Nyasi iliyong'olewa ikatupwa pembeni kwenye unyevu haifi, inajipanga upya. Watu wa hapa hung'oa Juni mpaka Agosti, jua linapokausha mashina juu ya mwamba. Lakini Juni wewe uko kazini.

Njia ya pili ni kubeba ulichong'oa na kukitupa kibanjani, "kiwe mboji." Hapo utakuwa umeipa usafiri.

Njia ya tatu ni dawa. Utakwenda Bukoba mjini dukani, utapewa kiuagugu chenye glaifoseti, utaambiwa huua mpaka mizizi. Ni kweli, hupita kwenye jani na kushuka mpaka kwenye shina la chini, ikiwa jani ni bichi na linakua, na ikiwa mvua haitanyesha kwa saa kadhaa baada ya kunyunyiza. Utatazama mawingu ya ziwani na kuchagua siku. Mawingu yatakuwa yamekutazama pia. Upepo nao hauna mpaka: matone yakiifikia migomba ya jirani, majani mapya yatatoka yamejikunja, na hapo kitakachojadiliwa kikaoni hakitakuwa nyasi. Kumbuka pia kwamba mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka glaifoseti katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Wadhibiti wa nchi nyingine wamebisha, na mabishano yanaendelea mahakamani. Kijana atakayelibeba bomba mgongoni hatakuwa na barakoa, atakuwa na kaptula. Fikiria hilo kabla ya kufikiria kiti cheupe.

Njia ya nne haiongezi sangari, inapunguza migomba, lakini nitaitaja kwa kuwa hutokea kila mwaka. Ni kumwita mfyekaji anayezunguka na panga lake kutoka boma hadi boma. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, na moja ya njia zake kuu za kusafiri ni chuma kilichokata mgomba mgonjwa kisha kikakata mzima. Panga likimaliza nyasi zako litapita kibanjani kukatia mkungu wa zawadi. Lipitishwe kwanza kwenye moto, au lioshwe kwa jiki. Hapa sina mzaha wowote.

Kama unataka kuing'oa kweli

Wapo watakaosema mwongozo wa kejeli hauna msaada, kwa hiyo huu hapa msaada, na ni mfupi kwa sababu kazi yenyewe ni ndefu.

Tumia jembe uma, lile la meno, wala si jembe la bapa. Meno yanainua udongo na kuacha shina likiwa zima. Ukilishika mwisho mmoja, vuta polepole ulifuate linakokwenda. Chini ya mgomba na mbuni usichimbe kwa nguvu hata kwa jembe uma, maana mizizi yake ya kulia chakula iko juu juu, na utakuwa umeikata pamoja na adui. Hapo vuta kwa mkono. Mashina yote yakusanywe, yaanikwe juani mpaka yavunjike yakikunjwa, kisha yachomwe. Baada ya hapo rudi kila mvua inapoanza, kwa sababu kipande ulichokisahau hakijakusahau.

Palipong'olewa pasibaki wazi. Sangari hupenda jua na udongo mtupu. Kivuli cha migomba iliyoshiba na matandazo mazito huinyima vyote viwili. Tandaza nyasi kavu za rweya kama walivyotandaza wazee, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina la mgomba ili fukusi wasipate pa kujificha. Panda maharage katikati.

Na kati ya uwanja na kibanja chimba mfereji. Hili ndilo jambo moja ambalo wachora ramani za nyumba hawalichori kamwe: ukuta wanauchora, geti la umeme wanalichora, lakini mstari wa kuzuia nyasi kuingia kwenye migomba hawana. Mfereji wa futi moja na nusu kwenda chini, unaosafishwa mara kwa mara, na kila shina linalotokeza ukingoni likatwe siku hiyo hiyo. Pasipo mfereji huo, iwe sangari, iwe ukoka, iwe paspalamu ya kununua, yote yatavuka. Nyasi ya gharama haina adabu kuliko ya bure.

Jaribio la msiba

Tuseme umekataa yote haya, na bado unataka zulia. Basi lipime kwa kipimo kimoja tu ambacho kwetu hakikwepeki: je, litabeba msiba?

Bustani za nyasi zilikuzwa na matajiri wa Ulaya waliokuwa na ardhi nyingi kuliko wageni. Nyasi fupi mbele ya jumba ilikuwa tangazo: ardhi hii naiweza hata nisipoilima. Kondoo na wafyekaji wenye miundu mirefu ndio walioitunza, mpaka mwaka 1830 Mwingereza Edwin Budding alipopata hataza ya mashine ya kukatia nyasi, na watu wa kawaida nao wakaanza kujitangaza. Kemondo hatuna ardhi ya kutangaza. Vibanja vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vingine havifiki ekari moja. Wageni ndio tulio nao. Siku mzee akifariki, uwanja huo utapokea mahema, viti vya kukodi, mafiga na kuni, masufuria ya matoke, magari ya waliotoka Mwanza yakigeuza usiku, na watu wa ukoo wanaokaa chini siku kadhaa bila kuondoka. Paspalamu haitasimama tena baada ya hapo, na wewe hutakuwa na uso wa kuwaambia waombolezaji wasikanyage. Sangari itakanyagwa, itachomwa na mafiga, itamwagiwa maji ya masufuria, na mvua ikinyesha mara mbili itarudi ilipokuwa.

Harusi ni hivyo hivyo, isipokuwa kuna viatu virefu vya kutoboa.

Kipimo cha pili ni mbuzi. Sangari ni malisho mazuri, mbuzi na ng'ombe huila bila kushawishiwa. Mbuzi mmoja aliyefungwa kamba, akihamishwa kila asubuhi, anafanya kazi ya mashine ya kukatia nyasi, na mashine hiyo haizai. Ila kamba iwe fupi kuliko umbali wa kufika kwenye migomba.

Kipimo cha tatu ni senene. Najua hukuja Novemba mpaka Desemba kwa ajili ya ndugu tu. Senene wanapenda maua na mbegu changa za nyasi. Nyasi iliyonyolewa kila wiki haina ua wala mbegu. Huwezi kudai uwanja ulionyolewa na sahani iliyojaa kwa wakati mmoja. Mtaa mzima ukifanya unavyotaka wewe, senene mtaagiza Uganda.

Njia ya watu wa mpira

Kuna njia ambayo haina sangari, haina paspalamu, haina shangazi. Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, wanapochezea Kagera Sugar, ulitandikwa nyasi bandia. Hazioti, hazitambai, hazina jina la Kilatini. Jua la mchana huzifanya ziwe moto chini ya mguu, na zikichakaa haziozi ziwe mbolea. Zinabaki plastiki mpaka wajukuu wako. Lakini ni za kijani mwaka mzima, na kwa mtu anayekuja wiki mbili kwa mwaka kupiga picha, sioni kasoro kubwa. Sangari, kwa taarifa yako, hutoboa ukingoni.

Hukumu

Uwanja wako ukiwa umetengwa na kibanja kwa mfereji, iache sangari. Ifyeke, na mgeni wa Dar es Salaam akiuliza mwambie ni nyasi za asili. Atafurahi, siku hizi asili inauza. Kama hakuna mfereji, uchimbwe kabla ya kufikiria jambo lingine lolote, na hela uliyotenga kwa ajili ya paspalamu itatosha. Iliyokwisha kuingia kibanjani na makaburini ing'olewe yote kwa jembe uma, Juni mpaka Agosti, na likizo yako ya mwaka mmoja ihamishwe kwa ajili ya kazi hiyo; Krismasi haitakukosa sana. Kipande kitakachobaki wazi usikipande nyasi za aina yoyote. Kina nafasi ya migomba sita au saba. Machipukizi hayanunuliwi, yanaombwa kwa shangazi, na ukaguliwe kwanza mgomba mama kama hauna mnyauko.